JOTO NA BARIDI YA MAJI KATIKA UFUGAJI WA SAMAKI PAMOJA NA MBOGA

Maelezo kwa wakulima wadogo

Kijikaratasi hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkulima afugaye samaki katika tangi lililo nje ya nyumba yake, ambaye maji ya samaki hao huyapandisha kwa pampu ndogo mpaka kwenye masanduku ya kokoto yaliyopandwa mboga, kisha maji hayo hurudi tangini yakiwa yamesafika. Kazi hii wataalamu huiita akuaponiki. Faida zake ni dhahiri: maji hutumika machache, mbolea hainunuliwi, na kitoweo na mboga hutoka katika kiwanja kimoja.

Lakini wako walioianza kwa bidii wakaiacha baada ya msimu mmoja wa baridi, kwa sababu samaki walikataa chakula, wakadumaa, na wengine wakafa. Hapo lawama huwekwa juu ya mbegu ya samaki, au juu ya chakula cha dukani, au juu ya jicho la jirani. Kumbe mara nyingi sababu imo ndani ya maji yenyewe, nayo yaweza kupimwa. Vipimo vyote vya joto vilivyomo humu ni digrii za Sentigredi.

1. Kwa nini joto la maji ni jambo kubwa

Ng'ombe na kuku huwa na joto lao ndani ya mwili, hata kama nje kuna baridi. Samaki sivyo. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, tumbo lake hupoa, chakula hakisagiki, na yeye hutulia chini kama mtu aliyeshikwa na usingizi. Maji yakipata joto lake, hula, hukua na kuzaa.

Tena samaki si peke yake katika maji hayo. Wamo viumbe wa namna tatu wanaotegemeana, na kila mmoja ana joto limfaalo.

Wa kwanza ni samaki. Perege, ambaye wengine humwita sato au ngege, hukua vizuri katika maji ya digrii 27 hadi 30. Chini ya digrii 20 hamu yake ya kula hupungua sana na hazai. Karibu na digrii 16 huacha kula kabisa. Na maji yakishuka hata digrii 11 au 12 kwa muda, hufa.

Wa pili ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakaao juu ya kokoto. Hawa hugeuza amonia itokayo kwa samaki, ambayo ni sumu, ikawa naitreti, ambayo ni chakula cha mboga. Hufanya kazi vema kati ya digrii 17 na 34. Chini ya hapo kazi yao hulegea, na chini ya digrii 10 hupungua kwa nusu au zaidi.

Wa tatu ni mboga. Saladi, spinachi na sukuma wiki hupenda ubaridi. Saladi ikipata joto la kupita digrii 26 hukimbilia kutoa maua na majani yake huwa machungu. Nyanya, bamia, mchicha na matembele hupenda joto.

Basi kazi ya mkulima ni kutafuta kiasi kitakachowafaa wote watatu. Maji yakikaa kati ya digrii 22 na 28 mwaka mzima, perege, bakteria na mboga nyingi watastawi, ijapokuwa si kila mmoja atapata ukamilifu wake.

2. Chagua samaki kwa kufuata mahali

Kadiri mtu apandavyo mlima, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo samaki astawiye Mombasa au Tanga bila taabu aweza kumtia hasara mkulima wa Limuru au Njombe.

Jambo hili lajulikana tangu zamani. Mwaka 1948 Serikali ya Kenya ilianzisha vituo viwili vya samaki katika nchi ya Mlima Kenya: kimoja Sagana, chini kwenye joto, kwa ajili ya samaki wa maji ya vuguvugu kama perege; na kingine Kiganjo, juu penye baridi, kwa ajili ya samaki aitwaye trauti. Mahali hapa pawili hapako mbali, lakini maji yake ni mbalimbali, na samaki wake ni mbalimbali. Waliojenga vituo hivyo hawakujaribu kupasha moto maji ya Kiganjo ili perege wakae huko, bali waliweka kila samaki penye maji yake. Hilo ni fundisho kwetu.

Mkulima aliye mahali penye joto, kama pwani, bonde la Mto Tana au kando ya Ziwa Viktoria, afuge perege au kambare. Kambare naye hupenda maji ya digrii 25 hadi 30, lakini ana faida moja: aweza kuvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo hastuki upesi hewa ya majini ikipungua.

Mkulima wa mahali pa wastani aweza kufuga perege kwa kufuata maelezo yaliyomo humu. Mkulima wa juu kabisa, ambaye maji yake hayafiki digrii 20 hata mchana, asijidanganye na perege. Kama ana kijito cha maji safi yapitayo siku zote, aulize habari za trauti, ambaye hutaka maji yasiyozidi digrii 18 hivi na yenye hewa nyingi. Kama hana kijito, ni afadhali fedha zake aziweke katika mboga na kuku.

3. Pima, usikisie

Mkono hauwezi kupima joto la maji. Asubuhi yenye umande, maji ya digrii 19 huonekana ya vuguvugu kwa sababu hewa ni baridi zaidi; mchana maji yaleyale huonekana baridi. Nunua kipimajoto cha kutumbukiza majini. Bei yake ni ndogo kuliko ya mfuko mmoja wa chakula cha samaki.

Pima mara mbili kila siku: saa 12 asubuhi, maji yanapokuwa baridi kabisa, na saa 9 alasiri, yanapokuwa na joto kabisa. Kitumbukize kipimajoto chini hata kufikia kina cha mkono mpaka kiwiko, maana maji ya juu pekee hupata jua na kukudanganya. Andika hesabu katika daftari. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mwalimu wako kuliko kijikaratasi hiki, kwa kuwa litasema habari za kiwanja chako mwenyewe.

Hesabu mbili zikiachana kwa zaidi ya digrii 5 au 6 katika siku moja, ujue tangi lako ni dogo mno au liko wazi mno. Samaki huchoshwa na mabadiliko ya ghafula kuliko na baridi ya kawaida.

4. Maji mengi hubadilika polepole

Wahenga walisema, "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu." Lakini chungu huyo jua likiwaka hupikwa, na usiku huganda. Maji machache hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Kwa hiyo tangi la samaki lisipungue lita 1,000, na kama nafasi na fedha zipo, lita 2,000 au 3,000 ni bora. Kina kisipungue mita moja.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kutunza joto ni kulizamisha tangi ardhini, au kuchimba shimo na kulitandika turubai imara. Ardhi ikichimbwa kiasi cha mita moja, joto lake halibadiliki sana kati ya usiku na mchana. Ikiwa tangi lazima likae juu ya ardhi, lizungushie ukuta wa matofali au mabanzi, na katikati ya ukuta na tangi shindilia pumba za mpunga, maranda ya mbao au majani makavu. Yafunike yasilowe mvua, maana yakilowa hayazuii baridi tena.

Wengine huuliza kama haifai kuchemsha maji na kuyamimina tangini. Na tufanye hesabu. Tangi lina lita 1,000 za maji ya digrii 18. Ukimimina debe la lita 20 la maji ya digrii 90, joto la tangi halipandi hata digrii 1 na nusu, na kabla ya asubuhi litakuwa limekwisha kutoweka. Utakuwa umeteketeza kuni za chakula cha watoto, na samaki aliyekuwa karibu na maji hayo atakuwa ameungua. Umeme nao si nafuu: kupandisha lita 1,000 kwa digrii moja tu kwahitaji zaidi ya yuniti moja, na tangi lisilofunikwa laweza kupoteza digrii kadhaa kila usiku. Jua hutupa joto bure kila siku. Shida yetu si kulipata, bali kulizuia lisitoroke.

5. Baridi ni za namna mbili

Mkulima mwenye busara hutambua baridi ya namna mbili, kwa kuwa dawa zake si moja.

Baridi ya kwanza ni ya usiku wa anga safi. Mchana jua huwaka, lakini usiku, mawingu yakikosekana, joto hupaa juu na kupotea. Katika nyanda za juu za Kenya, kama Kinangop na Limuru, hutokea zaidi Januari na Februari. Njombe na Kitulo hutokea Juni hadi Agosti. Asubuhi hukutwa sakitu, yaani umande ulioganda, na majani ya viazi na chai huwa yameungua. Dawa yake ni kufunika. Kabla jua halijatua, funika tangi kwa turubai au nailoni iliyowambwa juu ya fito, na juu yake utandike mikeka au magunia. Acha upenyo mdogo wa hewa upande usiopigwa na upepo. Jua likipanda, funua ili maji yapate joto. Kazi hii ni ya dakika tano jioni na dakika tano asubuhi, na mtoto aweza kuifanya.

Baridi ya pili ni ya mchana wa mawingu. Katika nyanda za juu za Kenya, Julai na Agosti, ukungu hufunika nchi siku nyingi mfululizo. Jua halionekani, na maji hupoa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Hapa kifuniko cha usiku husaidia kidogo tu, maana hakuna joto la kutunzwa. Dawa yake ni kujenga kitalu cha nailoni juu ya tangi na masanduku, kitakachokusanya hata mwanga hafifu. Na zaidi ya hayo, kupunguza chakula kama itakavyoelezwa.

Katika baridi zote mbili, yaangalieni mambo haya matatu:

(a) Mahali. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni kama maji. Usiweke tangi chini kabisa ya bonde. Liweke kwenye mteremko upatao jua la asubuhi.

(b) Upepo. Upepo upitao juu ya maji huyageuza mvuke na kuyapoza. Panda ua wa matete au jenga kizuizi cha mabua upande utokako upepo, lakini usizuie jua.

(c) Pampu. Kokoto zilizo wazi hupoa usiku, na maji yapitayo humo hurudi tangini yakiwa baridi. Mkulima aendeshaye pampu usiku kucha wakati wa sakitu anapoza maji yake kwa gharama yake mwenyewe. Mchana pampu ifanye kazi sana. Usiku wa baridi ifanye kazi kama dakika 15 katika kila saa. Usiizime kabisa, maana bakteria wakikosa unyevu na hewa hufa. Kama unayo pampu ya hewa, hiyo iendelee siku zote.

6. Lisha kwa kufuata joto

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za kufuga samaki. Mkulima alishaye kiasi kilekile Januari na Julai anatupa fedha majini. Na vibaya zaidi, chakula kisicholiwa huoza, hutoa amonia, wakati uleule ambapo bakteria wamelegea kwa baridi na hawawezi kuiondoa. Samaki hufa kwa sumu, na mwenyewe husema wamekufa kwa njaa, akaongeza chakula!

Kwa perege fuata kanuni hii:

Digrii 26 hadi 30: lisha kiasi kamili, mara mbili au tatu kwa siku.
Digrii 22 hadi 25: lisha theluthi mbili ya kiasi hicho, mara mbili.
Digrii 18 hadi 21: lisha theluthi moja, mara moja tu, saa 8 au 9 mchana.
Chini ya digrii 18: usilishe, isipokuwa uchache sana siku yenye jua, nao wakija juu wenyewe.
Juu ya digrii 32: punguza nusu, ulishe asubuhi baada ya jua kupanda, kabla ya joto kali.

Kwa vyovyote, chakula kisicholiwa baada ya robo saa kitolewe kwa chujio. Usihofu kwamba samaki watakonda katika baridi. Samaki aliyepoa hutumia nguvu kidogo sana, naye aweza kukaa siku nyingi bila chakula asidhurike.

Tena wakati wa baridi usiwashike samaki wala kuwahamisha. Magamba yakibanduka katika maji baridi, huota juu ya kidonda ukungu mweupe kama pamba, na ugonjwa huo huua.

7. Joto likizidi

Wakulima wa pwani na nchi kavu wasidhani habari hizi haziwahusu. Joto likizidi lina hatari mbili zisizoonekana. Kwanza, maji ya joto hubeba hewa kidogo. Lita moja ya maji ya digrii 20 yaweza kubeba miligramu 9 za oksijeni. Ya digrii 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu, na samaki wakati huo wahitaji zaidi. Pili, amonia huwa kali zaidi: kwa kiasi kilekile cha amonia, sehemu iliyo sumu huwa karibu mara mbili maji yapandapo kutoka digrii 20 hadi 30.

Alama ya hatari ni samaki kutweta juu ya maji alfajiri. Ukiiona, acha kulisha siku hiyo, na ufanye maji yarudiyo tangini yaanguke kutoka juu kwa kishindo ili yachanganyike na hewa.

Kwa kuzuia, jenga juu ya tangi kibanda cha makuti kizuiacho jua la saa 5 hadi saa 10. Tangi jeusi lipakwe rangi nyeupe kwa nje. Mabomba yazikwe au yafunikwe, maana bomba jeusi juani huwa kama birika. Maji yapite kwenye kokoto usiku zaidi kuliko mchana. Kwa njia hii kokoto zilezile zimpozazo mkulima wa Limuru zitamsaidia mkulima wa Mombasa. Nayo mizizi ya saladi huoza katika maji ya moto, kwa hiyo panda mchicha, bamia na matembele miezi ya joto.

8. Maji mapya na vifaranga vipya

Maji ya kuongeza yasitofautiane na ya tangi kwa zaidi ya digrii 2 au 3. Yaweke kwanza katika pipa siku moja au mbili. Yatalingana na hewa, na dawa ya klorini iliyomo katika maji ya bomba itapungua. Ongeza kidogo kidogo, si zaidi ya sehemu moja katika kumi kwa siku.

Vifaranga wakiletwa katika mfuko, uelekeze mfuko juu ya maji ya tangi dakika 20 kabla ya kuwafungulia, kisha uingize maji ya tangi mfukoni pole pole. Samaki wengi wasemwao kuwa ni mbegu mbaya walikufa kwa kumwagwa ghafula.

Wakati wa kuwatia vifaranga nao uchaguliwe. Katika maji ya digrii 27 hadi 30 perege aliyetunzwa vema hufikia ukubwa wa kuuzwa kwa miezi 6 hadi 8. Katika maji ya digrii 20 aweza kuchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo watie vifaranga mwanzo wa majira ya joto, ili baridi iwakute wakiwa wakubwa na wenye nguvu.

Mambo ya kukumbuka

1. Chagua samaki wa mahali pako. Usishindane na mlima.
2. Pima joto asubuhi na alasiri, uandike.
3. Tangi liwe kubwa, lenye kina, na ikiwezekana lizame ardhini.
4. Funika jioni, funua asubuhi.
5. Usiku wa baridi punguza pampu. Usiku wa nchi ya joto iongeze.
6. Chakula kifuate kipimajoto, si mazoea.
7. Jambo lolote la ghafula ni baya kwa samaki.

Mwenye swali na amwendee Bwana Shamba au Afisa wa Uvuvi wa wilaya yake, akichukua daftari lake la vipimo mkononi. Mwenye daftari atajibiwa upesi, asiye nalo ataulizwa kwanza, "Maji yako yana digrii ngapi?"